Ujumbe wa nne wenye ulisafiri peke yake: namna ya kukata habari ndefu kwa vipande bila kumupoteza musomaji

Ilikuwa siku ya tatu ya juma, saa tatu za asubui. Simu ya redio ililia. Alikuwa mama muuguzi mukubwa wa kituo kimoja cha afya, mutu tunayemuheshimu sana juu hatuiti bure. Siku ile hakusalimia kwa muda murefu. Alisema: « Mwanangu, ninyi watu wa redio mumefanya nini? Leo ni siku ya kupima watoto na kuwachanja. Kawaida wamama wanajaa mpaka inje. Leo niko na wamama tisa tu. Wengine wananitumia habari kama redio imesema watoto wadogo hawapewi chanjo tena. »

Nilimujibu kwamba hatukusema vile hata kidogo. Kisha nikafungua simu yangu, nikasoma vitu vyenye nilituma mimi mwenyewe siku mbili mbele, na nikanyamaza.

Tulikuwa tumepokea komunike ya kurasa mbili kuhusu kampeni ya chanjo ya kolera. Ilikuwa ndefu, na nilijua hakuna mutu ataisoma yote kwenye simu. Basi nikaikata vipande tisa, nikavituma ndani ya grupe zetu za WhatsApp na kwenye ukurasa wetu wa X. Kipande cha nne kilisema hivi: « Watoto wenye hawajafikisha mwaka mumoja hawatapewa chanjo. »

Ilikuwa kweli. Ile chanjo ya kolera ya kunywa inatolewa kuanzia mwaka mumoja na zaidi. Lakini angalia vizuri: ndani ya ule ujumbe hakuna neno kolera, hakuna jina la zone ya afya, hakuna tarehe. Ulitoka kwenye grupe yetu, ukaingia kwenye grupe ya kwaya, ukapita kwenye grupe ya wamama wa soko, ukafika mpaka vijiji vyenye ile kampeni haikupangwa hata. Mama mwenye mutoto wa miezi 9, mwenye alipashwa kupata chanjo ya surua siku ile, aliusoma akabaki nyumbani.

Kosa lilikuwa langu. Hakuna neno la uongo ndani ya ule ujumbe. Uongo uliingia pale nilipokata.

Makala hii inaeleza vitu vyenye tumejifunza tangu siku ile. Siyo ya waandishi wa habari peke yao. Leo shefu wa kartye, katibu wa kanisa, mukubwa wa masomo, kijana wa mashirika ya raia, wote wanakata habari ndefu na kuzituma kwa vipande. Kila mumoja wao anaweza kufanya kosa kama langu.

Kwa nini watu walianza kukata?

Kukata maneno kulianza zamani, mbele ya WhatsApp na X. Mwaka 1985, muhandisi mumoja wa Ujerumani, Friedhelm Hillebrand, alikuwa kati ya watu wenye walikuwa wanatengeneza meseji za simu, zenye tunaita SMS. Akiwa kwake Bonn, aliandika sentensi na maswali ya kawaida kwa mashine, kisha akahesabu herufi, alama na nafasi. Aliona kwamba maneno mengi ya watu yanaingia ndani ya alama 160. Ile hesabu njo ilibaki mpaka leo.

Mwaka 2006 Twitter ilipoanza, watu walikuwa wanaitumia kwa SMS. Wakatenga alama 20 kwa jina la mutumaji, zikabaki 140 kwa habari yenyewe. Mutu mwenye maneno mengi alipashwa kuyakata, na kuandika mwenyewe 1, 2, 3 mbele ya kila kipande. Mwezi wa 11 mwaka 2017 wakaongeza mpaka 280. Mwezi wenye ulifuata wakaweka kifungo cha kuunganisha vipande kwa mufululizo mumoja, kimoja chini ya kingine. Tangu mwaka 2023 Twitter inaitwa X, lakini kwa watu wengi wenye hawalipe, mupaka wa 280 ungali pale.

WhatsApp yenyewe haikulazimishi kukata. Unaweza kutuma maneno elfu nyingi kwa mara moja. Lakini inakunja ujumbe murefu. Simu nyingi kwetu zinasema Kifaransa, kwa hiyo mutu anaona mistari ya kwanza, kisha « Lire la suite ». Wengi hawagusi pale. Na kwenye « statut » ya WhatsApp, maandishi hayapite alama 700.

Kuna pia sababu zetu za hapa. Mutu ananunua mega za siku moja, anazichunga. Rezo inakuja na kupotea. Skrini ni ndogo, mara nyingi imepasuka. Mwingine anasoma akiwa nyuma ya motari, mwingine akiwa anapima unga mbele ya wateja. Ukimutumia huyo mama kurasa mbili, hatazisoma. Ukimutumia mistari mine yenye ni wazi, atasoma. Basi kukata siyo kosa. Shida iko kwenye namna ya kukata.

Kipande kinatoka nyumbani peke yake

Wakati nilikuwa nakata ile komunike, kichwani mwangu musomaji alikuwa mutu mwenye anaanza na 1, anafuata 2, anafuata 3, mpaka 9. Huyo mutu ni mumoja kati ya kumi, ao hata kidogo. Wengine wanaona kipande kimoja tu.

Hii ndiyo njia yenye kinapitia. Kwenye grupe ya WhatsApp, mutu anachagua ujumbe mumoja wenye umemugusa, anaubonyeza, anautuma kwa wengine. Hatumi vyote tisa, juu anatafuta ule wenye una moto. Kule unakofika, unafika bila ndugu zake. Kwenye X ni vilevile: mutu anaweza kurudilia kipande cha tano peke yake, na wafuasi wake wataona kile mbele ya vingine vyote.

Wakubwa wa WhatsApp wenyewe waliona shida ya habari zenye zinakimbia hivyo. Tangu mwezi wa kwanza mwaka 2019, mutu hawezi kutuma ujumbe mumoja kwa zaidi ya sehemu tano kwa mara moja. Mwezi wa nne mwaka 2020, wakati wa Korona, wakaongeza: ujumbe wenye umeshapita mikono mingi, wenye unaona alama ya mishale miwili, unautuma sehemu moja moja tu. Hiyo inapunguza mwendo. Lakini haiwezi kumurudishia musomaji vile vipande vyenye hakupata.

Na sisi tuko na redio trotuari yetu tangu zamani. Habari ya barabarani haikuanza na simu. Tofauti ni kwamba zamani mutu alisema « nimesikia », na wewe ulijua ni masikio tu. Leo anakuonyesha maandishi, tena yenye jina la redio yenu. Kipande kimoja kinapita kama ushuhuda.

Cha kushangaza ni kwamba sisi watu wa redio tulipashwa kujua hii mbele ya wengine. Hewani hatujawai kufikiri kwamba wote walianza na sisi. Kila baada ya dakika kadiri tunasema: « Kwa wale wenye wanafungua redio sasa hivi, tuko na munganga mukubwa wa zone, tunazungumuza juu ya kolera. » Tunarudilia jina, tunarudilia mahali, hata kama tumeshasema mara tano. Mwenye ametoka kuteka maji asipotee. Lakini nilipofika kwenye simu, nilisahau kazi yangu yote.

Kata kwenye kiungo

Muuza nyama mwenye anajua kazi hapigi shoka popote. Anatafuta kiungo kwa kidole, kisha anakata pale, na kipande kinatoka kizima. Mwenye hajui anapiga katikati ya mufupa, na muteja anakula vipande vya mufupa. Habari nayo iko na viungo vyake. Hivi njo tunafanya sasa kwenye redio yetu:

1. Andika habari yote kwanza, pahali pamoja. Usianze kuandika moja kwa moja ndani ya X ao WhatsApp. Andika kwenye karatasi ao kwenye sehemu ya kuandikia ya simu, mpaka mwisho. Mutu mwenye anaandika akiwa anatuma hajui kama atakuwa na vipande vine ao kumi na viwili, na mara nyingi jambo kubwa linakuja kutokea kwenye cha kumi.

2. Tafuta mawazo, usihesabu herufi. Jiulize: hapa kuna mambo mangapi yenye mutu anapashwa kujua ao kufanya? Kama ni mane, utakuwa na vipande vine. Kila kipande kibebe wazo moja. Kama wazo moja halingie ndani ya alama 280, punguza maneno, usilikate katikati.

3. Cha kwanza kibebe uzito wote. Nani, nini, wapi, siku gani, na mutu afanye nini. Mutu akisoma kile tu na rezo ikikatika, awe ameshapata lile la lazima. Usianze na salamu, wala na « kufuatana na barua nambari fulani ». Komunike za Leta zinaanza hivyo kwa Kifaransa, lakini hakuna sheria yenye inakulazimisha kuzifuata kwa Kiswahili.

4. Kila kipande kivae jina lake. Maneno mawili matatu mwanzoni: habari ya nini, mahali gani, tarehe gani. Ndiyo, itarudilia mara nne. Ndiyo, inakula alama 30. Ni zile alama 30 zenye zilinikosekana kwenye kipande cha nne.

5. Andika namba, na jumla. Siyo « 2 » tu, andika « 2/4 ». Hivyo mwenye anapokea 2/4 anajua kuna vitatu vingine vyenye hajaona. Kwa kipande cha mwisho andika « Mwisho ». Bila jumla, musomaji hawezi kujua kama habari imeisha ao rezo njo imeisha.

6. Usiache sentensi inaning'inia. Wengine wanamaliza kipande na nukta tatu ili watu wapate hamu ya kuendelea. Kwa hadisi ya kuchekesha, sawa. Kwa habari ya usalama ao ya afya, hapana. « Barabara itafungwa isipokuwa… » ni hatari kama ile isipokuwa iko kwenye ujumbe mwingine.

7. Changanya kama karata. Huu njo mutihani wa mwisho. Mupe mwenzako kipande kimoja, chochote, bila kumuonyesha vingine. Muulize: umeelewa nini? Akielewa kinyume, ao akiuliza « wapi? », « ya nani? », rudi ukaandike tena. Inachukua dakika tano. Siku ile ya kolera, dakika tano zilinishinda.

Komunike ileile, mara ya pili

Baada ya simu ya mama muuguzi, tulikaa na yeye pamoja na mwenzangu wa redio, tukaandika upya. Ninaweka hapa vipande vyenye vilitoka. Jina la zone nimeliandika K. tu, na tarehe ni za mufano.

« KOLERA, zone ya afya ya K., tarehe 12 mpaka 15/3. Chanjo ya kolera ya kunywa itatolewa bure kwa kila mutu mwenye mwaka 1 na zaidi. Nenda kituo cha karibu, saa 2 asubui mpaka saa 9. 1/4 »

« KOLERA, zone ya K., 12-15/3. Ni hii chanjo ya kolera TU yenye mutoto wa chini ya mwaka 1 hapewi. Chanjo zake zingine (polio, surua…) ZINAENDELEA. Mama, usikose siku ya mutoto wako kwenye kituo cha afya. 2/4 »

« KOLERA, zone ya K. Hata ukichanjwa, chemsha maji ao weka dawa ya maji, nawa mikono na sabuni, tumia choo. Mutu akianza kuhara maji maji, mupe SRO na umupeleke mbiyo kituo cha afya. 3/4 »

« KOLERA, zone ya K., 12-15/3. Chanjo ni bure. Mutu akikuomba franga, mujulishe mukubwa wa kituo. Komunike nzima yenye muhuri iko kwenye ukurasa wa redio yetu, na inasomwa hewani saa 12 na nusu mangaribi. Mwisho, 4/4 »

Kila kimoja kiko chini ya alama 280. Vilikuwa tisa, vimekuwa vine. Angalia sana kile cha pili. Kilibeba lile jambo lenye lilikuwa limetupoteza, lakini sasa katazo na sababu yake viko pamoja, na mama anajua pia kitu cha kufanya. Hata kikisafiri peke yake mpaka Kindu ao Kalemie, hakitamuzuia mama yeyote kupeleka mutoto.

Vitu vyenye havikatwi

Kuna vitu vinne vyenye tumekubaliana kutovitenganisha hata siku moja.

Cha kwanza ni orodha. Wakaaji wa Goma wanakumbuka mwezi wa tano mwaka 2021. Tarehe 22, Nyiragongo ililipuka. Asubui mapema ya tarehe 27, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini, Constant Ndima, alitangaza kwamba watu waondoke ndani ya kartye 10 kati ya 18 za muji. Watu wengi sana walitoka siku ile, wengine njia ya Sake, wengine Rwanda, wengine kwa mashua kuelekea Bukavu. Sasa fikiri ile orodha ya kartye 10 imekatwa: tano ndani ya ujumbe mumoja, tano ndani ya mwingine. Mwenye anapokea ule wa kwanza peke yake, na kartye yake iko ndani ya ule wa pili, anasoma kwamba yeye anaweza kubaki. Orodha iingie nzima ndani ya kipande kimoja. Kama haiingii, toa maneno mengine yote, uache majina. Kama ingali haiingii, tuma picha ya orodha nzima na sauti yenye inaisoma.

Cha pili ni mashitaka na majibu. Kama unaandika juu ya ugomvi wa shamba kati ya familia mbili, usiweke maneno ya moja ndani ya kipande cha 2 na ya ingine ndani ya cha 5. Kipande cha 2 kitakimbia muji muzima, cha 5 kitabaki na wewe. Huku kwetu, tunajua neno moja linaweza kufanya nini kati ya majirani. Andika sentensi moja ya huyu na sentensi moja ya yule ndani ya ujumbe mumoja, hata kama zote zinakuwa fupi.

Cha tatu ni hesabu na tarehe yake. « Wagonjwa 40 » bila siku ni habari ya leo, ya kesho na ya mwaka kesho. Tumeona ujumbe wa zamani ukirudi na kuwatisha watu upya, juu hakuna mwenye aliandika siku.

Cha ine ni katazo na mupaka wake. « Musinywe maji ya bomba » pamoja na « ya avenyu fulani, mpaka siku ya posho » viwe sentensi moja. Ukivitenganisha, kartye zingine zitaacha maji ya bomba na kwenda kuteka ziwani.

Na wale wenye wako na simu ndogo?

Musiwasahau. Ndani ya vijiji vyetu, watu wengi wako na simu ya vifungo, na wanapokea SMS tu. Pale alama 160 njo sheria. Lakini kuna jambo lenye wengi hawajui: zile 160 ni kwa herufi za kawaida. Ukiweka picha ndogo ya uso wenye kucheka, ao herufi kama ê ya Kifaransa, simu inabadilisha namna ya kuhesabu, na SMS moja inabaki na alama 70 tu. Ujumbe wako wenye ulidhani ni mumoja unakuwa miwili ao mitatu, na wewe unalipa yote.

Hapa Kiswahili kinatusaidia, juu hakina vialama juu ya herufi. Andika SMS za tangazo kwa Kiswahili cha kawaida, bila mapambo. « KOLERA zone ya K. Chanjo bure 12-15/3 kwa mwenye mwaka 1 na zaidi. Watoto wadogo waendelee na chanjo zao za kawaida. » Inaingia ndani ya SMS moja, na jambo kubwa liko ndani.

Ukishakosea

Itafika siku utakosea kama mimi. Siku hiyo usifiche.

Kufuta haitoshi. WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku mbili na zaidi kidogo, lakini inafuta ule wenye uliutuma wewe, pale ulipoutuma. Zile nakala zenye watu wameshatuma kwingine zinabaki. Kwa hiyo futa, lakini tuma pia ingine yenye inasema wazi: « SAHIHISHO la redio. Ujumbe wetu wa siku ya kwanza wenye unasema… haukukamilika. Kweli ni hii. » Rudilia maneno ya ule ujumbe wa kosa, ili mutu mwenye aliupokea kwa njia ingine aweze kuutambua. Tuma kwenye grupe zilezile, na uombe watu wautume kule walikotuma ule wa kwanza. Kisha useme hewani. Sisi tulisema hewani siku tatu, asubui na mangaribi, na mama muuguzi mwenyewe alikuja kuzungumuza. Juma lenye lilifuata, wamama walirudi. Siyo wote mara moja, lakini walirudi.

Siyo kila habari inakatwa

Mwenzangu mumoja wa redio, mukubwa wangu kwa kazi, hapendi kabisa hii mambo ya vipande. Anasema tunawazoeza watu kumeza bila kutafuna. Sisemi amekosea. Kuna habari zenye zinakufa ukizikata: ushuhuda wa mutu mwenye amepoteza wake, kesi ya tribunali yenye iko na pande nyingi, historia ya ugomvi wa mupaka wa kijiji. Hizo ziache nzima. Ziweke kwenye ukurasa, zisome hewani, ao zitume kwa sauti ya dakika chache. Kwenye grupe, tuma ujumbe mumoja tu wenye unasema habari inahusu nini na inapatikana wapi.

Kipimo chetu ni hiki: kama habari inamuambia mutu afanye kitu, kata kwa vipande vizuri, vine ao tano. Kama inamuomba mutu aelewe kitu, usikate, muite aje kusikiliza. Na ikipita vipande saba, ujue haujamaliza kufikiri, ao ile habari haikutengenezwa kwa vipande.

Na wewe mwenye unapokea

Musomaji naye yuko na kazi yake. Ukipokea ujumbe wenye umeandikwa 3/5, na haujaona vile vine, usiutume kwa wengine. Muulize mwenye amekutumia: « 1 iko wapi? » Kama hajui, ule ujumbe ubaki kwako. Ukipokea wenye hauna mahali wala tarehe, uliza pia, hata kama uko na jina la redio yetu juu yake. Piga simu kwenye redio, ao kwenye kituo cha afya, ao kwa shefu wa kartye. Hatutachoka kujibu.

Ule ujumbe wangu wa nne ungali unatembea. Mwezi uliopita mutu mumoja aliuleta tena ndani ya grupe moja ya wazazi. Mbele hata sijaandika jibu, mama mumoja, mwenye simufahamu, alikuwa ameshauliza: « Chanjo gani? Wapi? Siku gani? » Hakuna mwenye alijibu, na hakuna mwenye aliutuma mbele tena.